Siku Saba za Kumpandisha Shangazi Mnarani

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Kikao cha familia sebuleni kwa Mama. Ajenda moja: Shangazi.

Si shangazi wa damu. Ni gari la Baba, gari la mlimani, magurudumu yote manne yanavuta, rangi ya kijani iliyochoka. Umri wake na wa dada yangu ni mmoja, ingawa Dada hapendi hilo lisemwe. Baba aliliita Shangazi kwa sababu lilinung'unika njia nzima lakini halikuwahi kukosa kufika.

Siku hizi anakosa. Baba alipofariki, miaka mitatu sasa, usukani ukawa wangu. Kwenye tambarare Shangazi hana neno. Mlimani anafika kona ya tatu, pale penye kibanda cha kinyozi, anakohoa, anasimama, kisha anarudi kinyumenyume mbele za watu.

Dada kasema imetosha. Jumapili Mama anataka kupanda mnarani, juu kabisa, kule Baba alikokuwa akiwapeleka mafundi wa mnara wa redio kila siku ya kazi kwa miaka ishirini na sita. Dada anataka Mama aende na gari la shemeji. Gari jipya, jeupe, linaongea kwa sauti ya kike na kukukumbusha kufunga mkanda. Shemeji alizungusha funguo kidoleni na kutabasamu. Kutabasamu ndiyo kazi yake.

Kumbe mnunuzi wa vyuma chakavu alishaitwa! Tulimkuta uani anamgongagonga Shangazi ubavuni kwa vidole, kama daktari. Akasema milango itatoka mizima. Mashine ataikata vipande.

Ikanipanda. Nikatangaza mbele ya wote kwamba Jumapili Shangazi atampandisha Mama hadi mnarani, bila kusukumwa na mtu. Mara kicheko. Dada akafuta machozi ya kucheka, akasema sawa, mdogo wangu. Akifika, atabaki uani na hakuna atakayemgusa. Asipofika, Jumatatu anaondoka na huyu bwana. Mama aliendelea kufuma kitambaa chake.

Siku sita. Nina spana, nina akili, nina mapenzi. Vifaa vya kuongeza nguvu vya kuagiza ng'ambo ni mambo ya kina shemeji. Mimi nitaongeza nguvu kwa njia rahisi.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Alfajiri kwa fundi wa mtaa. Tunamwita Bisibisi kwa sababu hujawahi kumwona na kifaa kingine mfukoni. Kasema mashine yoyote inataka vitu vitatu: hewa, mafuta na moto. Kasema pia ampeleke Shangazi mlimani yeye mwenyewe, amsikie anavyopanda.

Nilikataa. Usukani ule umeshikwa na Baba, kisha mimi. Mguu wa mgeni haukanyagi pedali ya Baba. Bisibisi akainua mabega.

Basi nikaanza na hewa. Bahati nzuri mimi ni karani wa ghala la mabomba ya maji, na vipande vilivyopasuka hutupwa. Nimepata kimoja cha inchi nne, kirefu kunishinda. Nimeosha filta kwa sabuni ya nguo. Nimetoboa boksi lake matundu kumi na mawili. Nimekata bomba kwa kisu cha mkate cha Mama (asijue) na kulisimamisha kando ya kioo cha mbele mpaka juu ya paa. Sasa Shangazi anavuta hewa safi ya juu, hewa ya wakubwa.

Kilichonichelewesha ni boneti. Kwa ndani Baba ameandika kwa rangi nyeupe tarehe zote alizobadilisha oili. Safu baada ya safu, herufi zake zile zinazolala upande. Ya mwisho ni wiki mbili kabla hajalazwa. Nilizisoma zote. Nilimkumbuka sana Baba leo, mpaka nikakaa chini kwenye tairi.

Majaribio saa kumi. Kona ya kwanza, safi. Kona ya pili, safi! Nikaanza kupiga mluzi. Kona ya tatu, kikohozi. Kinyozi akatoka na mteja wake aliyenyolewa nusu kichwa, wakanisaidia kugeuza gari. Kinyozi akauliza kama siku hizi napikia ndani ya gari, maana ameona bomba la moshi.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Nimeelewa kosa. Hewa inaingia kwa wingi, lakini inatokea wapi? Ekzosi! Ile ya Shangazi ni nyembamba, tena ina lile debe la kuzuia kelele katikati. Mtu hawezi kukimbia huku kafungwa mdomo.

Mchomeleaji kaondoa debe, kaweka bomba pana la chuma moja kwa moja. Nikawasha. Mungu wangu! Kuku wa jirani walipaa, na sikujua kuku wale wanaweza kupaa. Mwalimu wa shule ya jirani akaja na chaki mkononi kuniambia kwamba darasa zima limeandika jibu moja, nalo si jibu, ni neno alilolitoa yeye kwa mshtuko.

Ila mimi sauti ile ilinipeleka mbali. Zamani tulikuwa tunamsikia Shangazi tangu kona ya pili, saa kumi na moja jioni, Baba akirudi. Mimi na Dada tunatupa vitabu, mbio hadi getini. Atakayefika kwanza anapakatwa na Baba na kushika usukani kutoka getini mpaka uani, mita ishirini za ufalme. Dada alishinda karibu kila siku kwa sababu ya miguu yake mirefu. Baba alinuka petroli na vumbi, na mpaka leo nikisikia harufu ya petroli roho yangu inatulia.

Majaribio. Kelele ilipanda mlima wote. Gari liliishia kona ya tatu.

Na nani akapita? Shemeji. Akateremsha kioo nusu, akaniuliza kwa upole kama nahitaji kamba ya kuvutwa. Kwa upole! Nilimwambia nimesimama kupunga upepo. Akatabasamu, akapanda zake mlima bila hata kubadilisha gia. Nimemeza mate machungu.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Moto. Leo zamu ya moto.

Nimeweka plagi mpya nne. Kisha nikakumbuka Bisibisi aliwahi kusema kwamba ukizungusha distribyuta, kile kinachogawa moto kwa plagi, kidogo tu, moto unawahi na mashine inachangamka. Alisema upana wa ukucha. Nikazungusha ukucha mmoja. Nikaongeza mwingine, nisionekane mchoyo. Nikaongeza wa tatu kwa ajili ya Mama.

Nilipowasha, Shangazi alipiga risasi. Hakuna neno lingine. Jirani alilala kifudifudi kwenye bustani yake ya mchicha. Moto ulirudi kupitia kabureta ukanipitia usoni, sasa nina unyusi mmoja.

Bisibisi akaja mbio. Akarudisha distribyuta mahali pake, akapima shinikizo la silinda moja baada ya nyingine. Akatikisa kichwa. Akasema mashine hii ni nzima kuliko mwenyewe. Nguvu ipo tele, hajui tu nani ameifungia. Akaomba tena aendeshe mwenyewe, mara moja tu, dakika tano.

Nikakataa tena. Nikamweleza kwa heshima kwamba hili ni jambo la damu. Alinitazama unyusi wangu kwa muda, akaenda zake.

Jioni Mama alinipaka dawa ya kuungua. Akaniuliza kwa nini najisumbua hivi, mwanangu. Nikataka kumwambia kwamba nikimwona yule mtu wa vyuma anaukata usukani ule nitalia mbele ya watu, mtu mzima mwenye miaka arobaini na sita. Nikasema dawa inawasha.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Nimeamka na jibu. Uzito! Kwa nini kuongeza nguvu wakati naweza kupunguza mzigo? Tena hili ndilo rahisi kuliko yote.

Nimeshusha tairi la akiba. Nimeshusha jeki, sanduku la vifaa, bampa la nyuma, milango miwili ya nyuma. Nimeshusha mafuta pia, nikabakiza kidogo (hili nitalirudia). Mwisho nikafungua boliti za kiti cha nyuma.

Chini ya kiti cha nyuma nimekuta utoto wetu. Rula iliyovunjika. Vizibo vya soda kumi na tisa, nilikuwa navikusanya. Tikiti ya sinema. Na ndala moja ndogo ya rangi ya waridi, ya mguu wa kushoto. Ya Dada! Siku aliyoipoteza alilia njia nzima kutoka mnarani. Baba alisimamisha gari mara tatu kuitafuta barabarani na tochi mdomoni. Hakuna aliyewaza kuangalia chini ya kiti.

Nikaosha ile ndala, nikampelekea. Alikuwa anakunja nguo. Akaishika, akaiweka juu ya kiganja chake, ikaenea yote. Akakaa. Nikakaa kando yake. Nikaona hapa hapa, nikamwomba aahirishe mambo ya vyuma chakavu.

Akasema hapana. Akasema sijui anachoogopa. Si kwamba halipendi lile gari. Anaogopa siku Shangazi atarudi kinyumenyume na Mama yumo ndani na breki zikakataa. Baba tumeshamzika, hataki kuzika mwingine kwa sababu ya ukaidi wangu. Akarudi kukunja nguo.

Majaribio ya uzito mdogo: mafuta yaliisha kona ya pili.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Siku ya mwisho. Leo niliingia kwenye sayansi ya juu.

Magari ya mashindano yana kifaa cha kuisukumia mashine hewa kwa nguvu. Kifaa hicho ni nini, ukikivua mbwembwe? Ni feni. Na nani ana feni? Mchomeleaji, ile anayopulizia makaa. Nikaazima. Nikaifunga kwenye mdomo wa bomba langu kwa mpira wa tairi la baiskeli, nikaiunganisha na betri ya Shangazi. Nikaiwasha. Karatasi zote uani zikanyonywa juu ya paa, pamoja na barua ya umeme ambayo ilikuwa bado haijasomwa.

Nikapanda na matumaini yangu yote. Kona ya kwanza, ya pili. Kona ya tatu feni ilimaliza betri, mashine ikazima, taa zikafa, honi ikafa. Kimya kabisa. Hata kinyozi hakutania. Alileta stuli yake akaiweka kando yangu, akanikaribisha kukaa.

Hapo nilikata tamaa. Nilimtazama Shangazi na bomba lake, feni yake, bila milango, nikaona aibu kwa niaba yake. Baba alimwacha mzima. Mimi nimemfanya kichekesho cha barabarani. Kinyozi na wateja wake walinisukuma mpaka tambarare, nikaazima betri, nikarudi nyumbani.

Nilimwambia Mama aende kesho na shemeji. Nilisema bila kumtazama. Mama akaweka kitambaa chake pembeni, akatoka nje, akaingia ndani ya Shangazi, akaketi mahali pake pale pa siku zote, kushoto kwa dereva. Nikamfuata, nikaketi kwenye usukani, naye akakaa kidogo akishika dashibodi. Kisha akainama kutazama miguuni pangu, akauliza kama ile boliti ya baba yenu naiacha kwa makusudi.

Boliti gani?

Akanionyesha kwa kidole. Chini ya pedali ya mafuta kuna kitu kama kinundu, kimevikwa kipande cha mpira mweusi. Siku zote nilijua ni sehemu ya sakafu. Ninakanyaga, inagota hapo, basi, nimemaliza. Mama akacheka mpaka akashika mbavu, kisha akanieleza.

Nilipokuwa na miaka kumi na saba Baba alinifundisha kuendesha. Siku ya tatu nilivunja ukuta wa jirani na kutokea sebuleni kwake. Jumapili iliyofuata Baba aliweka boliti ndefu chini ya pedali, isizame zaidi ya nusu. Kila asubuhi kabla ya kwenda mlimani aliifungua kwa mkono. Kila jioni aliirudisha. Nilimwona akiinama pale kila siku tangu wakati ule, nikidhani anafunga kamba za viatu!

Mama anasema Baba aliahidi kuiondoa moja kwa moja siku nitakapopata akili. Wiki ile aliyolazwa alimuuliza. Baba alifikiri kwa makini, akasema bado.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia miaka yote hii mitatu. Akasema alidhani najua. Alidhani naendesha nusu mwendo kwa hiari yangu, kwa tahadhari, na kila siku alijivunia mimi moyoni.

Kwa hiyo mkono wa mwisho kuikaza boliti ile ni wa Baba. Nimeigusa. Nililia kweli, na Mama akaniacha nilie.

Jumapili, tarehe 9 Juni

TUMEFIKA!

Nirudi nyuma. Asubuhi nilirudisha milango na kiti, Dada alisisitiza. Boliti ilikuwa imeshika kutu, ikatoka kwa spana namba kumi na tatu. Mama akaifunga kwenye leso yake na kuitia mkobani. Bomba niliacha. Ekzosi niliacha. Feni nilirudisha kwa sababu mwenyewe alikuja kuichukua.

Dada na shemeji nyuma yetu katika gari linaloongea. Kona ya kwanza. Ya pili. Kona ya tatu nikakanyaga, na pedali ikaenda. Ikaendelea kwenda! Shangazi akanguruma, akanung'unika, akanisukuma mgongo kwenye kiti. Kinyozi akatoka na wembe mkononi akapiga kelele za shangwe. Wateja wakapiga makofi, na mmoja povu likamwingia machoni. Sijawahi kuwa na furaha ya namna hii tangu zile mita ishirini kutoka getini.

Juu kuna upepo na nyasi fupi na mnara umejaa kutu. Mama alishuka polepole. Akanionyesha jiwe bapa ambapo Baba alikuwa akikaa kuwasubiri mafundi wamalize kazi, akiwa na chupa yake ya chai. Kutoka pale paa letu linaonekana. Mama alisema zamani saa sita mchana alikuwa akianika shuka jeupe uani, hata kama si siku ya kufua, ili Baba alione. Hakuwahi kutuambia. Dada alimshika mkono. Shemeji alivua miwani yake, na mara hii hakutabasamu.

Dada alinijia, akasema ahadi ni ahadi. Akampigia simu mtu wa vyuma chakavu palepale akamwambia asije. Kisha akaniomba arudi na sisi, kiti cha nyuma. Alikaa upande wake ule ule wa zamani.

Kushuka kulikuwa na kasoro ndogo. Pedali mpya ni nyepesi. Kona ya tatu niliichukua kwa ujasiri kidogo, nikapita na benchi la wateja wa kinyozi. Tupu, tunamshukuru Mungu! Dada alipiga yowe. Mama hakupiga yowe. Alishika mkoba wake kwa mikono miwili na kunitazama kwa muda mrefu.

Jumanne, tarehe 11 Juni

Nimefanya tathmini ya ushindi, kisayansi. Bomba la hewa, asilimia sitini. Ekzosi, ishirini. Plagi, kumi na tano. Boliti nimeipa tano, kwa heshima ya marehemu.

Jana jioni Mama aliazima spana yangu namba kumi na tatu. Kasema mguu wa cherehani unacheza. Nilijitolea kuukaza mwenyewe, akakataa, akasema ni kazi ndogo tu, baba yenu aliifanya kila jioni. Nikamwona baadaye akitokea upande wa Shangazi na grisi vidoleni. Akasema alikuwa anatafuta pini ya nywele aliyoiangusha Jumapili. Mama yangu anazeeka, mashine ya kushonea iko chumbani.

Leo nimempeleka kinyozi benchi jipya. Kona ya kwanza safi, ya pili safi, ya tatu kikohozi! Shangazi kagoma kabisa. Nilikanyaga mpaka mwisho, ikagota, wapi! Kinyozi na mteja wake wakatoka kunigeuza, kama tulivyozoea.

Bisibisi kaomba aingie atazame miguuni mwa dereva. Nimemkatalia. Fundi mzima anatafuta nguvu za gari kwenye viatu!

Sababu naijua. Inchi nne ni nyembamba, Shangazi ameshazoea hewa nyingi. Ghalani kuna kipande cha inchi nane kimepasuka upande mmoja tu, nimeshakiwekea alama kwa chaki. Nimemweleza Mama mpango wote wakati akifuma. Amenisikiliza mpaka mwisho, akanipapasa kichwa, akasema niendelee hivyo hivyo, mwanangu. Laiti Baba angekuwapo. Angeona mwenyewe kwamba akili nimeshaipata.